Nimetoka Polihale, kisiwa cha Kauai, Hawaii: watu wa pwani mnaojiamini na maji, someni huu uzi kabla hamjaenda

#1 (mleta mada)

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Nimekuwa msomaji tu humu miaka mingi, leo nimeona nifungue uzi kwa sababu kuna watu kama watatu kwenye grupu letu la Watanzania wa jimbo la Washington wananiuliza habari za Hawaii, na kila nikianza kueleza naishia kutuma voisi za dakika kumi kumi, kwa hiyo naandika mara moja wote wasome. Nitauleta kwa vipande maana naandikia kwenye simu, mnivumilie.

Kwanza mjue naongea nikiwa nani. Mimi ni mwanamke wa Kilwa Kivinje, marehemu baba alikuwa mvuvi, sisi watoto wake tumejua kuogelea kabla hatujajua kusoma. Nasema hivi kwa sababu kilichotupata kule hakikutokana na kutojua maji, kimetokana na kudhani kwamba bahari ni ileile popote ulipo.

Tulikwenda mwezi wa 11, mimi, mume wangu (Mnyamwezi wa Tabora, maji anayajulia kwenye ndoo) na mdogo wangu wa kiume ambaye ana miaka 26 na anaogelea kama samaki. Ndege moja kwa moja Seattle mpaka Lihue, masaa kama 6. Kauai ndio kisiwa cha zamani kuliko vile vikubwa vingine vya Hawaii, kimetokana na volkano miaka kama milioni 5 iliyopita, kwa hiyo mvua na bahari vimekila sana, milima imechongoka, mabonde yamezama ndani, na upande wa kaskazini magharibi kuna majabali yanaitwa Na Pali yanashuka wima mpaka kwenye maji, hakuna barabara inayopita pale wala haitakaa ipite. Barabara ya kusini inakuja, inakuja, ikifika karibu na hayo majabali inakata. Pale inapokatia ndio Polihale.

Unatoka Lihue, unapita Hanapepe, unapita Waimea (hapo ndipo Captain James Cook aliposhuka Januari 1778, mara ya kwanza Wazungu wake kukanyaga Hawaii), unapita Kekaha, unapita kambi ya jeshi ya majaribio ya makombora, halafu lami inaisha. Kutoka hapo ni kama kilomita 8 za vumbi, njia ya zamani ya kubebea miwa, mashimo yanayoingiza nusu tairi. Mafuta jaza Waimea, na maji ya kunywa na chakula nunua hukohuko, kwa sababu mbele hakuna duka, hakuna mama ntilie, hakuna mtu anauza hata soda.

Naendelea.

#2 (mleta mada)

Sasa kuhusu gari maana hapa watu wanaumia. Kampuni tuliyokodi, siitaji jina, yule kijana wa kaunta tulimwambia kabisa tunaenda Polihale akasema sawa safari njema. Tulipokuja kusoma mkataba usiku hotelini tukakuta imeandikwa kwa herufi ndogo kwamba barabara isiyo na lami bima haifanyi kazi. Mikataba mingi ya kule iko hivyo. Maana yake ukikwama, bredauni ni pesa yako mfukoni, na bredauni ya kutoka mjini kwenda kule mwisho wa dunia siyo pesa ya kuchezea. Tulienda hivyohivyo na gari ndogo, mwendo wa miguu, dakika zaidi ya 30 kwa hizo kilomita 8. Siku ya mvua msijaribu, ile vumbi inageuka tope la kuteleza.

Na kuendesha gari juu ya mchanga ni marufuku, usidanganywe na alama za tairi unazoziona. Tulimkuta baba mmoja na familia yake gari imezama mpaka kwenye ekseli, watoto wanalia na jua la saa saba linapiga, hakuna kivuli. Mume wangu na mdogo wangu walichimba na mikono na ubao wa deli la barafu karibu saa nzima ndio ikatoka, baada ya kupunguza upepo kwenye tairi.

Kwenye njia utafika mahali kuna mti mkubwa sana wa kivuli peke yake, njia inagawanyika. Ukikata kushoto unaenda sehemu inaitwa Queen's Pond. Ukikata kulia unaenda mbele zaidi kwenye mabanda ya kupumzikia, vyoo na mabomba ya kuogea, karibu na pale majabali yanapoanza. Hivyo ndio vitu pekee vilivyojengwa. Huo uukumbuke huo mti, nitaurudia.

#3 (mleta mada)

Ukivuka vilima vya mchanga ukaona ile pwani kwa mara ya kwanza, wallahi unanyamaza. Mchanga umenyooka kushoto mpaka macho yanachoka, ukanda wenyewe unaunganika na ule wa kambi ya jeshi na Kekaha, kilomita zaidi ya 20 za mchanga mtupu. Upana wake sehemu nyingine unafika mita 90 hivi, kutembea kutoka kwenye vilima mpaka majini miguu inaungua, msiende peku. Kulia ni yale majabali mekundu na kijani. Mbele ng'ambo kule unaona kisiwa cha Niihau, kama kilomita 27, kimekaa kama mgongo wa nyangumi, kile ni kisiwa cha watu binafsi tangu 1864, familia moja ilikinunua kwa mfalme na mpaka leo ni chao. Na watu hakuna. Tulihesabu magari kumi na moja kwenye pwani yote ile.

Na sauti. Kilwa mawimbi unayasikia kwa mbali, kule mwambani, yanaunguruma usiku kama mtu anasogeza makabati chumba cha jirani. Pale Polihale wimbi linapiga mguuni kwako. Linainuka kijani, unaona jua ndani yake, halafu linaanguka lote kwa mara moja juu ya mchanga na ardhi unaisikia kwenye nyayo.

Mdogo wangu akavua shati.

#4

Dada endelea usituache hapo, alipona?

#5 (mleta mada)

Alipona alhamdulillah, ndiyo maana naweza kuandika. Ngoja nieleze vizuri.

Kwetu bahari ina ratiba. Maji yanajaa, yanakupwa, bamvua likija tofauti ya kujaa na kupwa inafika mita 4, mtoto wa miaka saba anajua saa gani aende na saa gani arudi. Na mbele kuna mwamba, wimbi linavunjika kule nje, likikufikia wewe limeshachoka. Sasa Kauai maji kujaa na kupwa hata mita moja hayafiki, ukitazama unasema mbona bahari hii haina mambo. Mambo yake yako kwingine. Polihale haina mwamba wa kuikinga. Kati yake na Alaska na Urusi kule hakuna kisiwa cha kuzuia kitu, dhoruba inapiga kaskazini ya Pasifiki leo, baada ya siku mbili tatu mawimbi yake yanafika hapo wakati juu anga ni bluu na upepo hakuna. Kuanzia mwezi wa 10 mpaka wa 4 ndio msimu wake. Sisi tumezoea kusoma bahari kwa upepo, kusi au kaskazi, bahari ikichafuka unaona na mawingu yanachafuka. Kule bahari inachafuka na jua linawaka.

Jingine mawimbi yanakuja kwa mafungu. Madogo madogo, dakika kumi unaona madogo tu, unasema hapa pameshatulia. Halafu linakuja fungu la makubwa matano, sita, mfululizo. Mdogo wangu aliingia kwenye yale madogo. Maji yalikuwa yamemfika magotini, magotini tu, naapa. Nilikuwa nimekaa kama hatua ishirini kutoka kwake namenya embe.

Wimbi la kwanza kubwa halikumpiga, alilirukia juu vizuri kabisa, akacheka akanipungia mkono. Lililomwangusha ni maji ya kurudi. Ile pwani ina mteremko mkali, maji yanayopanda juu lazima yarudi, na yanarudi yakikimbia na mchanga wote. Nilimwona visigino vinachimbika, mchanga unaondoka chini ya miguu yake kama mtu anavuta mkeka, akakaa chini, na akiwa amekaa likaja la pili likamwangukia kichwani. Sikumwona tena. Niliona ndala yake moja inazunguka kwenye povu.

Nilikimbia kuingia. Mume wangu alinikamata kiunoni akanibeba akanirudisha nyuma, huyo asiyejua kuogelea, na mimi nampiga. Alikuwa sahihi. Ningeingia tungekuwa wawili.

#6 (mleta mada)

Kulikuwa na mzee mmoja mwenyeji anavua na fimbo ndefu kama mita mia kutoka kwetu. Alikuja anakimbia, na akafanya kitu ambacho sitakisahau. Hakuingia. Alipanda juu ya kilima cha mchanga ili aonekane, akanyoosha ile fimbo yake ya kuvulia kuelekea kusini, akawa anapiga kelele na kuinyoosha, anainyoosha, elea, elea, nenda upande huu. Mdogo wangu alikuwa ameshatolewa nje nyuma ya mawimbi, kichwa kimekuwa kidogo kama nazi. Kwanza alikuwa anapiga mbizi kurudi moja kwa moja alipotokea, anapiga mikono kwa nguvu zote na anazidi kwenda nje. Alipomwona yule mzee akaacha. Akalala chali. Mkondo ukamchukua upande ule wa fimbo, sisi tunamfuata kwa miguu pwani, mzee mbele, na aliposikia maji yamelegea akaanza kuingia kwa mshazari, wimbi likambeba likamtupa kwenye mchanga kama gunia. Kutoka alipoingia mpaka alipotokea ni zaidi ya mita mia mbili.

Alitapika maji ya chumvi mpaka machozi yakatoka. Bega limeteguka. Masikio, pua, nywele, hata chini ya kope, mchanga. Siku tatu baadaye Seattle bado anatoa mchanga masikioni.

Kumbuka pale netiweki ni ya kubahatisha, simu yangu ilikuwa haina hata kijiti kimoja. Waokoaji hakuna Polihale. Mnara wa waokoaji wa karibu uko Kekaha, sasa pigeni hesabu wenyewe kilomita 8 za mashimo halafu lami. Namba ya dharura ni 911 lakini mpaka mtu afike, bahari imeshamaliza kazi yake.

Yule mzee alikaa na sisi mpaka mdogo wangu akapata rangi. Kule Hawaii mtu mzima yeyote unamwita Uncle au Auntie hata kama humjui, kama sisi tunavyosema mjomba na shangazi, kwa hiyo nikamwita hivyo na nikamwambia asante nikashindwa kuendelea. Akaniambia watu wa hapa wana msemo, usiipe bahari mgongo. Akaniuliza kijana ametokea wapi, nikamwambia sisi wote ni watoto wa pwani, Afrika Mashariki. Akasema hao ndio huwa anawahofia kuliko wasiojua kuogelea, maana wasiojua wanakaa juu.

#7

Pole sana dada na mdogo wako. Mimi niko Maskati, huku wanaosema Kiswahili tupo wengi, na nimesoma hapo kwenye mawimbi kupiga wakati wa jua nikakumbuka Salalah, kusini mwa Oman. Wakati wa harifu, yaani msimu wa mvua za kule, mwezi wa 6 mpaka wa 9, watu wanamiminika kule kuona kijani na ukungu, na bahari yake muda huo ni mbaya mno, Mughsail pale kuna miamba watu wanasogea kupiga picha na wimbi linapanda kuwafuata juu. Wamekufa watu, wengine wakiwa na familia zao zinatazama. Serikali imeweka vizuizi na bado watu wanaruka vizuizi. Watoto wetu wa huku waliozoea Ghuba iliyotulia kama birika wakifika kule hawajui kwamba wameingia bahari nyingine kabisa. Nitawatumia huu uzi.

#8

Mleta mada nina swali, huo mkondo wa kurudi unautambuaje ukiwa nchi kavu? Mimi nimezaliwa Mwanza bahari nimeijulia ukubwani, na mwezi wa 12 kampuni inatupeleka Honolulu kwa mkutano, nilitaka niongeze siku mbili nivuke mpaka Kauai.

#9 (mleta mada)

Swali zuri sana mkuu. Baba alitufundisha habari ya mlango, wale wa pwani wanaelewa, ile nafasi kwenye mwamba ambapo vyombo vinapita. Maji yote yaliyoingia ndani juu ya mwamba yanatafuta pa kutokea, yanatokea mlangoni, ndiyo maana mlangoni maji yanakaza. Sasa pwani ya mchanga isiyo na mwamba inajitengenezea milango yake yenyewe kwenye mchanga wa chini, leo uko hapa, kesho umehamia kule. Kwa hiyo yule aliyekuja wiki iliyopita akikwambia hapa ni salama, habari zake ni za wiki iliyopita.

Kuuona: panda mahali pa juu, kaa dakika 20 bila kushika simu, tazama. Utaona mawimbi yanavunjika kushoto, yanavunjika kulia, katikati kuna ujia hayavunjiki, maji yake yametulia, rangi imeingia weusi au udongo udongo kwa mchanga unaobebwa, na povu au majani yanaelekea nje badala ya ndani. Huo ujia uliotulia ndio mtu mgeni anauchagua, anasema hapa hakuna mawimbi naweza kuingia na mtoto. Ndipo penyewe. Nguvu yake ikikaza inaweza kupita mita 2 kwa sekunde, hata bingwa wa olimpiki hawezi kushindana nayo, na mdogo wangu siyo bingwa wa olimpiki.

Ukikamatwa: mkondo haukuvuti chini, unakupeleka nje. Elea, pumua, inua mkono mmoja, usirudi ulikotoka, nenda sambamba na pwani mpaka usikie umekuachia. Mtu wa nchi kavu naye asiingie mikono mitupu, atupe kitu kinachoelea, deli tupu la barafu linatosha kumshika mtu. Fukwe nyingi za Kauai wametundika maboya marefu ya kuokolea kwenye nguzo, ukifika tu angalia liko wapi kabla hujatandika mkeka.

Na lile wimbi la kuvunjikia pwani nalo lina hatari yake peke yake hata kama hakuna mkondo, linamchukua mtu linampigilia kichwa kwenye mchanga, shingo na uti wa mgongo vinavunjika kwenye maji ya magoti. Daktari aliyemwona mdogo wangu ndio kitu cha kwanza aliangalia, shingo, bega akaliacha mwisho.

#10

Kwa hiyo dada unatuambia tusiende? Maana mimi mwenzio nimeangalia picha za hiyo Polihale moyo umeshaenda.

#11 (mleta mada)

Nendeni! Mimi mwenyewe nitarudi inshallah. Nendeni mkaitazame. Tulikaa mpaka jua linazama, mdogo wangu amefungwa kanga yangu begani, na upande wa Niihau jua lilishuka likazama, na sikuwahi kuona kitu kile. Yule mzee alituambia wazee wao waliamini roho za waliokufa zinapita Polihale, zinatokea hapo kwenye jabali kuelekea machweo, kwenye ulimwengu wao wa wafu wanaouita Pō. Chini ya jabali kuna mabaki ya hekalu lao la mawe, heiau. Msipande juu ya yale mawe, msiyahamishe, msichukue hata moja la ukumbusho. Sisi Kilwa tuna makaburi na misikiti ya karne na karne na tunajua mgeni akikanyaga kaburi inavyouma.

Kama unataka kulowa kabisa kabisa, kuna ile Queen's Pond niliyosema, njia ya kushoto kwenye mti mkubwa. Kuna kipande cha mwamba pale kinazuia maji kidogo, na siku za kiangazi bahari ikiwa imetulia panakuwa kama bwawa, watoto wa wenyeji wanacheza. Lakini kiangazi, na imetulia. Mawimbi yakiwa makubwa yanaruka juu ya mwamba na ule mwamba mwenyewe una sehemu yake ya kutokea, ule ule mlango wa baba. Mwezi wa 12 mkuu wa Mwanza usiingie.

Halafu mambo madogo madogo. Losheni ya jua, tangu Januari 2021 Hawaii imepiga marufuku kuuza zile zenye oxybenzone na octinoxate kwa sababu ya kulinda matumbawe, nunua zenye madini. Ukikuta sili amelala mchangani, ana rangi ya kijivu kama gogo, kaa mbali mita 15, kasa mita 3, ni wanyama wanaolindwa na sheria na hao sili wamebaki wachache sana. Hema kulala usiku lazima kibali cha idara ya hifadhi za jimbo, kinachukuliwa mtandaoni, na hakikisha kwanza kama kambi ziko wazi, mwaka 2020 walifunga hifadhi yote kwa sababu watu walijaa bila kibali na kuacha uchafu. Taka zako rudi nazo.

#12

Naongezea mleta mada kwa ruhusa yako. Mimi nilikwenda upande wa pili wa hayo majabali, pwani inaitwa Hanakapiai, ni kwa miguu tu, kilomita 3 na kidogo kutoka mwisho wa barabara ya kaskazini, njia ni panda shuka, mawe na tope jekundu, kurudi nako ni hivyohivyo. Ndio mwanzo wa njia ya Kalalau yenye kilomita 18. Kuingia mpaka ubuki kabla, maana baada ya mafuriko ya Aprili 2018 (ile mvua ilivunja rekodi ya Marekani kwa masaa 24, zaidi ya milimita 1,200) walifunga zaidi ya mwaka na walipofungua 2019 wakaweka kikomo watu 900 kwa siku. Wasio wakazi wanalipa na nafasi zinaisha haraka.

Sasa kilichonigusa ni kibao. Kabla ya kushuka pwani kulikuwa na kibao cha mbao kinaonya usikaribie maji, mikondo isiyoonekana imeua wageni, na chini yake mtu amechonga mistari, mmoja kwa kila aliyekufa, minne wima wa tano unakata, minne wima wa tano unakata, kama tunavyohesabu kura za darasani. Nilianza kuhesabu nikaacha. Nilipofika chini nikakuta watu wanaogelea.

Na pale kuna mto wa kuvuka kabla ya pwani. Mvua ikinyesha mlimani wewe huioni, mto unapanda ghafla. Aprili 2014 watu zaidi ya mia walinaswa ng'ambo wakaja kutolewa na helikopta. Kwa hiyo mto ukiwa umejaa usivuke, kaa usubiri hata kama ni mpaka asubuhi. Mwezi wa 1 tulipoenda mchanga wenyewe ulikuwa haupo, bahari ya kipupwe inauzoa wote yanabaki mawe makubwa, kiangazi unarudi.

#13 (mleta mada)

Asante sana ndugu yangu, hilo la kibao nimelisoma nikaweka simu chini. Kweli kuzama majini ndiko kunakoongoza kuua watalii Hawaii miongoni mwa ajali zote, ajali za magari ziko nyuma. Na wengi ni watu wazima wanaojua kuogelea.

#14

Dada kuna kitu nataka kukuuliza kwa heshima, mdogo wako sasa hivi anaendeleaje, na maji? Nauliza kwa sababu kaka yangu alizama Pangani akaokolewa, miaka minne hakugusa bahari.

#15 (mleta mada)

Pole na hongera kwa kaka. Mdogo wangu bega limepona, ila mwezi ule wa kwanza baada ya tukio alikuwa anaamka usiku anashika godoro. Sikumlazimisha chochote. Kuna siku tulikuwa Kauai bado, siku mbili baada ya lile tukio, tulipita Hanapepe tukakuta vijana wanapaka rangi mtumbwi wao wa mashindano, una gogo la pembeni la kuuzuia usipinduke. Mdogo wangu alisimama pale nusu saa. Aliwaambia kwetu tuna ngalawa, yetu ina matengo pande zote mbili, wakashangaa kweli, wakamwambia chora, akachora kwenye mchanga na mkono wake mzima. Wataalamu wanasema ni ujuzi wa asili moja, watu wa visiwa vya kusini mashariki mwa Asia waliopeleka vyombo hivyo Pasifiki ndio hao hao waliovileta Madagaska na pwani yetu. Nilimwona uso wake umerudi.

Mwezi uliopita alikwenda bwawa la kuogelea la hapa mtaani. Aliingia mpaka kifuani, akakaa, akatoka. Wiki iliyofuata akaenda tena.

#16

Wakuu mimi ndiye wa Mwanza. Nimesoma wote. Naenda Kauai hivyohivyo mwezi wa 12, mke wangu naye anakuja. Nguo za kuogelea naziacha Honolulu. Dada nikumbushe tu, kwenye ule mti nikate wapi kama nataka kuona jua linazama?

#17 (mleta mada)

Kata kulia mkuu, mpaka kwenye mabanda, halafu panda kilima cha mchanga ukae juu. Kaeni juu hapohapo, shemeji umshike mkono. Ondokeni kabla giza halijaingia vizuri maana ile njia usiku mashimo huyaoni, na tochi chukua. Ukimkuta mzee anavua na fimbo ndefu upande wa kusini, ana kofia ya majani, tafadhali mwambie yule kijana wa ngalawa ameshaanza kuingia majini.